Siku moja maishani mwangu: kutia bildi chini ya mchanga

Saa 11:30 alfajiri. Niko kwenye feri ya Likoni, nimesimama ubavuni kama kawaida. Mjomba wangu ni mvuvi, na ndiye aliyenionyesha bildi nikiwa mdogo: kamba yenye risasi ya kupimia kina cha maji, unahesabu pima. Kazi yangu ni hiyo hiyo, ila mimi natafuta kina cha miamba iliyo chini ya sakafu ya bahari, katika utafutaji wa mafuta.

Saa 2. Nafungua data. Meli huburuta bunduki za hewa, zinazotoa vishindo, na nyaya ndefu zilizojaa haidrofoni, yaani maikrofoni za majini. Kishindo kikishuka, kila mpaka wa tabaka hurudisha mwangwi. (Mjomba huniuliza kama vishindo hivyo husumbua samaki. Namwambia ndiyo, vinaweza, na swali lake nalichukulia kwa uzito.) Lakini mwangwi hutuambia muda tu, si kina. Majini sauti huenda kama mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye chokaa gumu yaweza kupita 4,000. Ukikosea kasi, umekosea kina.

Saa 4. Kwenye picha kuna mwamba wa matumbawe wa kale, uliozikwa. Miamba ya namna hii tunaipenda: mwaka 2014 kisima cha Sunbird-1, katika bahari ya Kenya, kilikuta mafuta kwenye mmoja wao. Chini ya huu wetu kuna kilima, yaani tabaka iliyoinuka ambako mafuta huweza kujikusanya, na wenzangu wameshakichangamkia.

Mimi nina shaka, kwa sababu kilima kimekaa chini ya mwamba sawasawa. Nachukua karatasi. Unene mita 600. Kasi ndani ya mwamba 4,000, pembeni 3,000. Kwenda na kurudi, sauti hutumia sekunde 0.3 badala ya 0.4. Mwangwi wa chini unawahi, na tabaka inaonekana imepanda mita 150. Kilima chetu kina 140.

Saa 7, swala, wali na samaki wa kupaka.

Saa 8. Nachora upya ramani ya kasi, kisha programu inairudisha kila sauti kinyumenyume, kutoka kwenye haidrofoni hadi ilikogonga. Ni hesabu nzito, lakini kwenye kingo zilizosimama hivi sauti hupinda sana, na njia za mkato hudanganya.

Saa 11 jioni. Tabaka imelala karibu tambarare. Nimemwonyesha mkuu wangu, akanyamaza kidogo, akasema, "Andika hivyo hivyo, dada." Nimefarijika mno, kisima kingechimbwa pale kwa mamilioni ya dola.

Upande wa mashariki bado umenyanyuka kidogo. Nimeiacha kompyuta ikihesabu usiku kucha kwa kasi tatu tofauti.