Maboksi, pointi tatu na ile kona ya nyuma

Siku hizi kila nikikaa kuchora naanza na maboksi matano, kwa peni, bila rula, ni zoezi la kuchora kitu kionekane kina kina, mistari ikibanana kadiri inavyoenda mbali na jicho, leo nimefika la 112 na nimeona niandike maana kuna kitu kimenikaa kichwani wiki hii natamani ningekijua tangu boksi la kwanza.

Mi naanza na kona iliyo karibu na jicho, mistari mitatu inatoka sehemu moja kama herufi Y, na nahakikisha kila pembe kati yao imezidi digrii 90. Hapo ni rahisi. Shida ilikua kwenye kufunga pande. Nilikua nafunga wa kushoto, nafunga wa kulia, nafunga wa juu, kila upande ukiutazama peke yake uko poa kabisa, alafu nikija kuchora mistari ya nyuma (nachora kama boksi la kioo, mpaka kule ndani kuonekane) ile mitatu ya mwisho inagoma kukutana, inaacha kapembetatu pale kwenye kona na hakuna namna ya kukaficha.

Kumbe boksi lina mistari 12 ila ni makundi matatu tu ya minne minne, ile ambayo kwenye boksi la kweli iko sambamba, na kwenye mchoro minne ya kundi moja yote inaelekea kukutana pointi moja, hata kama hiyo pointi iko nje ya karatasi kabisa. Yani ukitaka kuchora mstari usiutazame na ule unaogusana nao konani, watafute ndugu zake watatu walioko mbali. Sasa ivi kabla sijaweka wino napitisha peni hewani mara mbili tatu huku macho yako kwa hao ndugu, sio kwenye ncha ya peni.

Nikimaliza ukurasa nachukua peni nyekundu narefusha kila mstari kuelekea kule inakobanana, ukirefusha upande wa pili itazidi tu kuachana na hutojifunza chochote. Boksi la 97 mistari mitatu ya kusimama ilikutana vizuri chini ya karatasi, wa nne, ule wa nyuma, ukakatiza njiani. Nikauangalia weee, kumbe niliuchora sambamba na ule wa mbele, mkono ulifuata ulichokiona karibu.

Kitu kingine ninachokipenda sana ni umbali wa zile pointi. Ukizisogeza karibu, boksi lilelile linakua jengo na wewe umesimama chini yake umeinua shingo, ukizipeleka mbali linakua kitu cha kushika mkononi. Huku mbali ni kugumu zaidi kwangu, mistari inakaribia kua sambamba na kosa dogo tu linaifanya ianze kutanuka inapoenda nyuma. Kwahiyo kumi yanayofuata yote nayachora hivyo, pointi zikiwa mbali.