Siku Niliyokwenda Tervuren na Papa

Januari 2019 nilikuwa Brussels wiki tatu, nimefikia kwa mzee mmoja wa Kalemie aliyemwoa shangazi yangu. Sisi ni watu wa Karema, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika, na kwetu kuoana na wa ng'ambo ya ziwa, kule Kongo, si habari. Nilimwita Papa, kama walivyomwita wanawe. Jumapili moja akanigongea mlango: "Mutoto yangu, vaa koti. Twende uone nyumba ya Leopold. Bameitengeneza."

Tukapanda tramu namba 44, ile inayokatiza msituni. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, yalifunguliwa 1910, yakafungwa mwishoni mwa 2013 kwa ukarabati, na yalikuwa yamefunguliwa tena Desemba 8, mwezi mmoja tu kabla hatujafika. Jengo la zamani ni kasri hasa, na alama ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, L mbili zilizopeana mgongo, imechongwa kila unapotupa jicho. Siku hizi hupitii mlango wake. Unaingilia jengo jipya la vioo, unashuka ngazi, unatokea kwenye njia ndefu nyeupe chini ya ardhi.

Humo ndimo ulimokuwa mtumbwi.

Babu yangu alikuwa fundi mitumbwi, kwa hiyo naomba mnivumilie hapa. Mtumbwi ule una zaidi ya mita 22, gogo moja, bila kiungo. Mtumbwi mkubwa kabisa niliowahi kumwona babu akiuchonga haukufika hata nusu yake. Nikachutama kutazama ubavu, unene unavyopungua kuelekea juu. Hapo ndipo fundi mbaya anapojulikana, maana tezo ikizama kidole kimoja tu zaidi, kazi ya miezi imekwisha. Huyu hakukosea popote. Mkono ukanitoka wenyewe, mlinzi akakohoa, nikaurudisha mfukoni.

Kibao kilisema Mfalme Leopold wa Tatu alisafiria chombo hicho mwaka 1957. Papa alikuwa amesimama kwenye omo, mikono nyuma.

"Na bale balikuwa banapiga kafi, majina yabo iko wapi?"

Nikapitisha macho kwenye kibao. Mfalme nilimwona.

Huko juu tulizunguka saa nyingi, na sehemu kubwa nimeisahau. Nakumbuka ukumbi wa duara wenye sanamu za dhahabu za Wazungu wakiwaletea Waafrika "ustaarabu." Sheria ya kulinda majengo ya kale inakataza kuziondoa, basi katikati wameweka kichwa kikubwa cha mbao cha Mkongo, kazi ya Aimé Mpane. Kichwa ni kizuri. Ila macho yangu yalirudi kwenye dhahabu kila mara, na nadhani ndivyo aliyeziweka alivyotaka.

Tukafika kwenye ukumbi wenye ukuta wa majina. Ni Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908, safu kwa safu. Papa alianza kuyasoma kwa uvumilivu wa mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Kisha akageukia dirishani.

Mwaka 1897 Leopold wa Pili, ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo, aliletewa Wakongo 267 wakae kwenye vijiji vya maonyesho katika bustani hiyohiyo, watu waje kuwatazama. Saba walifia hapo, wakazikwa karibu na kanisa la Tervuren. Msanii Freddy Tsimba ameandika majina yao kwenye vioo vya madirisha. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huangukia ukutani, juu ya yale 1,508.

Sisi hatukubahatika. Mbingu ilikuwa kijivu tangu alfajiri, ukuta umebaki na majina yake yaleyale. Tulisubiri. Papa akachungulia nje, akatazama saa, akachungulia tena. Hatimaye akavua kofia, akausogelea ukuta, akaanza kuita, kwa sauti ileile ambayo kwetu makarani wa boti huitia abiria gatini:

"Ekia! Gemba! Kitukwa! Mpeia! Zao! Samba! Mibange!"

Watu wakageuka. Yule mlinzi wa kule chini hakuwepo, na huyu wa hapa, kijana mweusi, alijifanya anasoma simu yake. Papa akavuta pumzi, akaanza upya kwa Ekia.