Nyambizi iliyokuwa inakula ubuyu

Juzi dada yangu wa Mwanza kanitumia mzigo kwa basi, nikaenda kuuchukua stendi kule Nzuguni nikijua ni dagaa kama kawaida yake. Kufungua, dagaa kweli wapo, ila katikati kuna kikopo cha mafuta ya mgando kimezungushiwa selotepu kama mara kumi hivi, na ndani ya kikopo ipo nyambizi. Jamani. Nilikaa palepale kwenye benchi la ofisi ya mizigo, watu wananipita na mabegi yao, mi nimeishika tu kiganjani. Miaka thelathini na kitu nilikuwa naamini imepotea!

Ni kidude cha plastiki ya kijivu, urefu haufiki hata kidole changu cha kati, juu ina kimnara kama kofia, ubavuni kuna mistari midogo ya kuonyesha mabati yalivyounganishwa, na kwa chini ina kishimo chenye kifuniko cha kusukuma kwa kucha. Kile kishimo ndio siri yote, nitawaeleza.

Mwaka 1989 hivi tulikuwa tunakaa Chang'ombe hapa hapa Dodoma, baba yuko reli, mama anauza maandazi. Shangazi alikuwa anapika kwa familia moja ya walimu wa Kizungu kule misheni ya Mvumi, watu wa Australia, si mnajua dayosisi yetu ya Anglikana ya Central Tanganyika ilianza 1927 na Waaustralia ndio walikuja kwa wingi, kwahiyo wamisheni wengi wa huku wa zamani ni wa kutoka huko. Sasa wakati wanarudi kwao wakamwachia shangazi sufuria, mapazia, na bati moja la biskuti ambalo watoto wao walikuwa wanawekea vidude. Bati likaja kwetu. Ndani kulikuwa na vijitu vya plastiki visivyojulikana ni mnyama au ni nini, vina macho makubwa, kuna vigari vya kuunganisha vipande vipande, filimbi, vikadi vya picha ambavyo ukivigeuza kidogo picha inabadilika, na ile nyambizi na kakaratasi kake ka maelezo kamekunjwa mara nne.

Shangazi ndio alituambia vimetoka kwenye maboksi ya kornfleksi. Tulimbishia kwakweli. Yani mtu ananunua chakula cha asubuhi, anamimina kwenye bakuli, afu kinadondoka kichezeo? Bure? Sisi kwetu chakula kikitoa kitu ujue ni jiwe kwenye mchele. Ila ndio ilivyokuwa, na nimekuja kusoma ukubwani kwamba wenzetu walianza kitambo sana, Kellogg's walianza kutoa zawadi kwa wanunuzi wao mwaka 1909 na ilikuwa kitabu kidogo cha picha za wanyama, afu 1912 wale wa Cracker Jack, bisi za sukari na karanga, wakaanza kutia zawadi ndani ya boksi lenyewe. Kule Melbourne kulikuwa na kampuni inaitwa Rosenhain & Lipmann, hao ndio walitengeneza vingi vya vile vijitu vya macho makubwa, kwahiyo nikiangalia picha zake sahivi kwenye simu namtambua mmoja mmoja, huyu alikuwa wa kaka, huyu alivunjika mguu, huyu tulimzika chini ya mpapai na ibada tukafanya.

Turudi kwenye nyambizi.

Kaka alikuwa kidato cha pili, akasoma ile karatasi akatutafsiria: jaza beking pauda kwenye kishimo, funga, weka kwenye maji, itazama halafu itaibuka yenyewe, itazama tena, itaibuka tena. Yenyewe! Bila betri, bila kuivuta na uzi. Nyambizi za hivi zilianza kutolewa kwenye maboksi ya Kellogg's kule Marekani 1954 na nadhani kuna wazee wengi huko duniani wanaikumbuka kama mimi, tofauti ni kwamba wao beking pauda ilikuwa kabatini kwa mama yao.

Sisi haikuwepo. Mama maandazi yake anaumua kwa hamira. Kaka akazunguka maduka ya mjini kuanzia barabara ya pili hadi ya nane, enzi hizo maduka yenyewe bado yana mashelfu matupu, akarudi mikono mitupu. Tukatia hamira, ikazama ikatulia chini ya karai kama jiwe. Tukatia chumvi. Tukatia sabuni ya unga ya kuomba kwa jirani. Mdogo wangu akasema magadi, maana mlenda ukitia magadi unaona unavyotoa vipovu, na magadi kwa Mgogo hayakosekani jikoni, ilende bila magadi unaipikaje? Tukatwanga tonge la magadi tukajaza. Wapi. Maji yakawa ya utelezi tu, nyambizi imelala.

Na hapo mkumbuke maji ya Dodoma. Bomba linatoka siku likijisikia, mama anapanga madumu usiku kucha, sasa anakuta watoto watatu wamejaza karai zima ili kuzamisha plastiki. Tulikuwa na makubaliano naye, maji ya nyambizi yanaenda kudekia, hata tone lisimwagwe, na mwisho wa mchezo ni akisema yeye.

Aliyetuokoa ni bibi. Alikuja kutoka Hombolo na kiroba cha ubuyu kama anavyokuja siku zote, kakaa kwenye kigoda anautwanga apate unga wa kupikia uji, anatuangalia tu tunavyohangaika, na kabla ya hapo hajawahi kuona nyambizi wala picha yake. Akauliza hicho kidude kinataka nini. Kaka akamwambia kinataka kitu cha kutoa mapovu bibi, kikiloa. Bibi akasema, "Si mchanganye magadi na ubuyu. Uji wa ubuyu ukiukosea ukatia magadi unafura wote unaishia jikoni."

Akachukua mwenyewe, ncha ya vidole ya unga wa ubuyu, ncha ya vidole ya magadi yaliyotwangwa, akavichanganya kwenye kifuniko cha chai. Vikavu hivyo vinakaa kimya kabisa. Kaka akajaza kishimo, akashindilia na njiti ya kiberiti, akafunga, akaishusha.

Ikazama. Tukaangaliana.

Kisha kipovu kimoja kikatoka pale chini, kidogo kama kichwa cha pini, kikabaki kimeng'ang'ania tumbo la nyambizi, kikaja kingine kikaungana nacho, kikavimba, na nyambizi ikaanza kunyanyua pua. Taratibu. Ikaachia sakafu ya karai, ikapanda, kimnara kikatokeza juu ya maji, ikainama upande kidogo, povu likapasuka, na ikashuka tena chini. Ikapanda tena. Nakumbuka mdogo wangu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili na bibi alikuwa ameinuka kwenye kigoda, ameinama juu ya karai na sisi, anasema eeeh, eeeh, kila ikiibuka. Mama kaacha maandazi yake kwenye mafuta akaja. Yaliungua matatu na hakusema kitu.

Mwalimu wa kemia miaka baadae ndio alinipa maelezo: magadi peke yake hayawezi, hamira nayo haifanyi haraka kiasi hicho, beking pauda inafanya kazi kwa sababu ndani yake kuna soda na kuna kitu kichachu cha unga, vikikutana na maji ndio vinatoa hewa ya kaboni. Na ubuyu uchachu wake unatoka kwenye asidi kadhaa, moja wapo ni ileile ya kwenye limao. Kwahiyo bibi yangu, ambae darasa hakulijua, alitengeneza beking pauda kwenye kifuniko cha chai kwa vitu vya Ugogo vitupu. Hii naisema kwa kila mtu ninaekutana nae na sitaacha kuisema.

Kwenye lile bati chini kabisa kulikuwa na kurasa tatu nne za kitabu cha katuni cha Kimarekani, na mojawapo ilikuwa ya matangazo, ile mnayotuma hela kwa posta wanakutumia kitu. Ukurasa mzima vimaboksi! Miwani ya kuona mifupa, dola moja. Na wale "Sea-Monkeys", wamechorwa familia nzima, baba mama watoto, wana vitu kama taji kichwani wanatabasamu mbele ya jumba lao chini ya maji. Ule ukurasa tuliusoma mpaka ukaachana kwenye mikunjo. Mi nilitaka ile miwani, nikaandika barua kwa Kiingereza cha darasa la tano, nikampelekea baba anipe dola.

Sijawahi kuona baba anashtuka vile. Akafunga mlango kwanza. Sikuelewa wakati ule ila sahivi naelewa vizuri sana, vita ya wahujumu uchumi ya 1983 bado ilikuwa vichwani mwa watu, watu walilazwa ndani kwa ajili ya vitu vya kawaida, na hela za kigeni ndio kabisa hukutakiwa kukutwa nazo hovyo, maduka ya kubadilisha fedha yalikuja kuruhusiwa 1992. Sasa mtoto wako anaongea dola kwa sauti uani! Akanikalisha akanieleza kwa upole, hakunichapa. Kisha akasema kitu ambacho kilinipa furaha kuliko hiyo miwani yenyewe, akasema wapo wanaotuma bure, waandikie redio.

Tukaandika. Sauti ya Ujerumani, BBC, Redio Beijing, baba analipia stempu, anwani ya kujibiwa ni sanduku la posta la kazini kwake. Wiki zikapita, miezi, nikawa namsubiri njiani akitoka kazini namwangalia mikono. Siku moja akaja na bahasha kubwa ya kaki, hakunipa, akaingia ndani akavaa miwani yake akasimama akaisoma kwa sauti: jina langu. Jina langu kamili, limepigwa kwa mashine ya taipu, halafu "kwa" ndio likafuata jina lake yeye. Nyumbani kwetu barua zilikuwa zinakuja kwa baba peke yake. Ndani ilikuwemo kalenda yenye picha za milima ya China na barua fupi ya Kiswahili ya kunishukuru mimi kwa kuwasikiliza. Kunishukuru mimi wa darasa la tano. Kalenda ilikaa ukutani hadi mwaka wake ukaisha na mwingine ukaisha, na bahasha niliihifadhi chini ya godoro.

Hao Sea-Monkeys nimekuja kuwajua ni nini. Ni vidudu vya maji ya chumvi jamii ya kamba, Artemia, mayai yake yanakaa makavu miaka na miaka, ukiyatia kwenye maji ya chumvi yanaanguliwa. Aliewauza anaitwa Harold von Braunhut, alianza 1960, na miwani ile nayo ilikuwa biashara yake. Wanasema watoto wengi wa Marekani walilia kukuta hakuna taji wala jumba, na nawahurumia kweli, ila kwa mtoto wa Dodoma kitu kinacholala kikavu halafu kikaamka na maji ni kitu cha kuheshimu sana. Mvua ya kwanza ya Desemba ikishanyesha, nenda kaangalie dimbwi ambalo lilikuwa vumbi tangu Mei, subiri siku chache, unakuta vidudu laini vinaogelea chali, miguu juu. Tulikuwa tunavichota na kopo. Vilikuwepo kwenye lile vumbi tunalolikanyaga.

Na ile miwani, siri yake ni unyoya. Ni kadi mbili zenye kitundu, katikati wamebana unyoya wa ndege, mwanga ukipita kwenye nyuzi zake unagawanyika unaona kila kitu mara mbili, pale picha mbili zinapolaliana panakuwa peusi zaidi ndio unasema mfupa huo. Unyoya! Kuku walikuwa wamejaa uani kwetu.

Jumapili nikamwita binti yangu, ana miaka tisa. Magadi nilikuwa nayo, ubuyu nikanunua Majengo, ule wa kawaida usiotiwa rangi na sukari, nikausugua kwenye chujio nikapata unga kama kijiko. Nikamwachia achanganye mwenyewe. Kile kifuniko cha chini kimelegea siku hizi, ikabidi tukibane na kipande kidogo cha jojo alichokuwa anatafuna. Tukajaza beseni, ikazama, ikakaa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nakumbuka mpaka nikaanza kuogopa.

Ikanyanyua pua.

Akapiga kelele ambazo jirani aliuliza kupitia ukuta kuna nini. Ikapanda na kushuka mara saba, tulihesabu wote, ya saba ilifika nusu ikarudi. Nikampigia dada Mwanza video akaona ya nane, maana tulijaza upya, na kabla sijasema chochote dada akawa anauliza maji hayo mtayafanyia nini, mnadekia?

Tulidekia.