Gemu za usiku hosteli si uvivu

Mwanafunzi wa chuo kikuu akipata sapu, yaani mtihani wa kurudia somo alilofeli, kwa sababu ya gemu, watu wazima huwa na neno moja tu: mvivu. Sikubaliani nao, kwa kuwa nimekaa hosteli na vijana waliokesha hadi saa kumi alfajiri wakitumia bando la usiku, simu ikiwa kwenye chaja hadi inaunguza viganja, kisha wakaamka saa tano vipindi viwili vimeshapita. Mvivu hajitesi hivyo.

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Kinachotazamwa ni kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya shughuli nyingine, na kuendelea kucheza ilhali madhara yanaonekana, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Idadi ya saa haimo. Kwa hiyo anayecheza mpira wa kwenye skrini Ijumaa usiku kucha, na Jumatatu akawasilisha kazi yake, si mgonjwa, hata kama mama yake analalamika.

Serikali ya China iliamua mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze gemu za mtandaoni saa moja tu, kuanzia saa mbili usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ulinzi wa namna hiyo huishia mlangoni mwa chuo. Kijana wa miaka 19 yuko mbali na wazazi, bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, limeingia, na hakuna wa kumuuliza amelala saa ngapi.

Gemu zenyewe nazo hazina mwisho. Kuna zawadi ya kila siku kwa anayeingia, na msimu ukiisha daraja ulilolihangaikia linashushwa ili uanze kulipanda upya. Katika PUBG Mobile, gemu ya mapigano ya kwenye simu, kikosi kina watu wanne, kwa hiyo anayezima simu katikati ya pambano anawaacha wenzake watatu wanapungukiwa; aibu hiyo, nionavyo mimi, humshikilia kijana kuliko ushindi wenyewe.

Hata hivyo, si kila anayekesha amenaswa na gemu peke yake. Wapo wanaosoma kozi wasiyoipenda, waliyoichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mkopo, na darasani hakuna anayejua jina lao, ilhali kwenye kikosi wanaitwa kila usiku. Mshauri wa wanafunzi anayesubiri mpaka mtu adisko, yaani aondolewe chuo kwa kufeli, ndipo amwite ofisini anakutana naye akiwa amebeba mabegi. Angemfikia mapema, swali la kwanza lingekuwa juu ya kozi, la pili juu ya usingizi, na gemu ingekuja yenyewe katika mazungumzo.