Upenu wa Nyumba ya Udongo

Leo mafundi wamemaliza kufunga fito kwenye nyumba ya mjomba hapa Rufiji, na kesho asubuhi jamaa na majirani watakuja kukandika. Nguzo ni za mkoko, zimechimbiwa vizuri, na fito zimelazwa nje na ndani ya kila nguzo na kukazwa kwa kamba, hivi kwamba donge la udongo likigandamizwa kwa kiganja hunasa katikati na haling'oki. Udongo ukikauka hupasuka, na nyufa zake huzibwa kwa mkono wa pili wa udongo laini uliotiwa mchanga.

Wako wanaosema kwamba nyumba ya namna hii haidumu, nami kila nikisikia hivyo huumia, kwa sababu wanaulaumu udongo kwa kosa la paa. Kinachoua ukuta wa udongo ni maji yanayouchapa ubavuni na kuulowesha chini, na wazee waliolijua hilo waliteremsha makuti mpaka mtu mzima akalazimika kuinama ili aingie. Upenu ule mrefu, yaani ukingo wa paa unaotokeza nje ya ukuta, ndio uliokuwa ukiulinda ukuta.

Penye mvua ya namna nyingine, paa nalo lilikuwa jingine. Wagogo wa Dodoma, ambako kwa kawaida mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600, walijenga tembe: nyumba fupi ya pembe nne, yenye paa bapa la boriti, fito na majani lililofunikwa kwa udongo, na ua wa mifugo katikati. Wahaya wa Kagera, ambao mvua kwao ni nyingi, walijenga msonge wa duara ulioezekwa kwa nyasi kuanzia kileleni hadi karibu na ardhi. Aina zote mbili zimehifadhiwa katika Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Tembe hiyo ingejengwa Bukoba, kwa Wahaya, naamini masika ya kwanza tu yangeimaliza.

Mjomba ameamua kuezeka kwa bati, na simlaumu: makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, tena hushika moto upesi. Ninachokihofia ni kwamba bati ni la kununua, kwa hiyo watu hubana upenu ili kupunguza gharama, na ukuta ukabaki wazi. Hapa kijijini zipo nyumba ambazo kuta zake zimeliwa chini hadi fito zinaonekana, ilhali bati juu bado linang'aa.

Jioni nimemwomba mjomba makombamoyo, yaani miti inayobeba paa, yasikatwe kwanza, bali yatokeze walau dhiraa moja na nusu kupita ukuta. Amemwita fundi, wamepima pamoja, na wamekubaliana kuongeza bati upande ule unaopigwa zaidi na mvua ya masika. Pande nyingine watazijadili kesho, kukandika kukiisha.