Cannoli 150 wiki ya Nanenane

Fundi wa keki za Kiitaliano aliyeko Dar es Salaam anapigana na joto: siagi inayeyuka kabla hajamaliza kukunja. Sisi wa Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, shida yetu ni nyingine. Asubuhi za mwezi wa nane siagi inakuwa ngumu kama kipande cha sabuni, na hamira inalala usingizi. Ndiyo maana bekari yetu ya supamaketi ratiba naipanga kwa kufuata baridi, wateja watanisamehe.

Wiki ya Nanenane mji unajaa. Watu wanashuka kutoka viwanja vya John Mwakangale, wanapitia kwetu wakitaka bomboloni (wao wanayaita maandazi ya kastadi, na sibishani nao). Jumamosi hiyo juu ya msongamano huo kulikuwa na oda ya cannoli 150 za sendofu, yaani vile viganda vya mviringo vya kukaanga vinavyojazwa krimu.

Saa kumi na moja alfajiri nilianza na cornetti, kwa sababu ndizo zinazopenda baridi. Zinafanana na croissant ila zina mayai na sukari zaidi, ndiyo maana zinakuwa laini. Unakunja mara tatu, kila mkunjo unapumzisha nusu saa, na kwa hali ya hewa ile friji sikuigusa. Trei ilikaa dirishani. Wenzangu wa mikate ya slesi walipowasha oveni, nikasogeza trei za bomboloni kwenye shelfu ya pembeni yake, sufuria la maji ya moto chini, nailoni juu. Bila hivyo yangeumuka mchana.

Kukaanga nako kuna mambo yake. Huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo mafuta yakiwa makali bomboloni linakuwa kahawia nje na ndani bado bichi. Napunguza moto, natupia kipande kidogo cha unga. Kikizama halafu kikapanda polepole huku kinatoa mapovu madogo, naanza. Kikirukia juu na kubadilika rangi papo hapo, nasubiri.

Cannoli ndizo zilizokula muda. Kijadi unga wa ganda unatiwa mvinyo wa Marsala na mafuta ya nguruwe. Wateja wetu ni Waislamu na walokole, sisi tunatia siki na siagi, na ganda linatoka na malengelenge yake vizuri tu. Vyuma vya kuviringishia tulikuwa navyo vichache, nikaongezea vipande vya mianzi mikavu, ile ya Iringa inayotoa ulanzi, nilivyokwisha kuvichemsha na kuvikausha. Wasisilia wenyewe walianza na matete. Ukingo unagandishwa kwa ute wa yai, na hapo mkono uwe mwepesi: ute ukigusa mwanzi, ganda halitoki mpaka livunjike.

Ricotta, jibini laini la krimu ya kujazia, nilishaigandisha jana yake kwa maziwa ya Rungwe na ndimu, ikachuja usiku kucha kwenye kitambaa. Ricotta halisi hutoka kwenye maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, lakini hii yetu inafanya kazi ikiwa kavu.

Saa sita mwenye oda akafika.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nijazie zote niondoke nazo, shughuli saa moja jioni.”

“Mama, nikizijaza saa hizi, saa moja zitakuwa zimelainika kama chapati ya jana.”

“Sasa nani atanijazia ukumbini? Wewe utakuja?”

Nisingeweza, foleni ya kaunta ilikuwa imefika kwenye rafu za sabuni. Nikamfungia maganda matupu kwenye maboksi, krimu kwenye mifuko ya kukamulia iliyofungwa ncha, na korosho za kutwanga kwenye kopo. Binti aliyekuja naye nikamwita jikoni, nikamwonyesha: jaza kutokea upande mmoja mpaka katikati, geuza, malizia upande wa pili, chovya ncha kwenye korosho. La tatu alilijaza vizuri kuliko langu. Nikawaambia waanze MC akishaita keki, si kabla.

Saa tatu usiku mama akanipigia, muziki nyuma yake unanguruma. Maganda yamekwisha, krimu imebaki mifuko miwili, aifanyie nini? Nikamwambia aiweke kwenye friji, asubuhi wageni waliolala wapakie mkate.