Shira ya kaimati na ile ya vinywaji

Jamani shira nilikuwa naiogopa kuliko kaimati zenyewe, kila Ramadhani inaganda sukari kwenye sufuria mpaka naibandua kwa kisu, kumbe tatizo mkono wangu, nakorogakoroga hata ikishachemka. Sa hivi nafanya hivi, vikombe 2 vya sukari, 1 cha maji, iliki 5 nimeziponda na maganda yake, nakoroga sukari iyeyuke tu, ikianza kuchemka mwiko naweka pembeni halafu nakamulia nusu ndimu, hiyo ndimu nayo inasaidia isigande. Chota kidogo ipoe, ibane kwa vidole viwili, ikivuta kauzi ndo tayari.

Ya vinywaji sipiki nzito hivo, kikombe kwa kikombe basi, natia mchaichai na tangawizi, nazima moto, nafunika nusu saa ndo nachuja. Kwenye chupa safi ndani ya friji wiki 2 inafika vizuri, ila kwangu haifiki maana watoto wanaimiminia maji baridi wanasema juisi. Na kama unatia arki ya waridi ngoja uzime moto kwanza, ukiichemsha harufu yote inaishia dirishani kwa jirani.